Bi Ummy na Siku 1,104 za Magomeni

Ijumaa ya tarehe 15 Agosti 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi Ummy Abuu Pazi atakabidhi mhuri, funguo mbili za kabati la chuma na kitambulisho cha kazi, kisha atatoka katika ofisi yetu ya kodi hapa Bagamoyo akiwa mstaafu. Atakuwa ametumikia umma kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Katika miaka hiyo, kumi na mitano nimekaa naye chumba kimoja, meza kwa meza, ndiyo maana kamati ya sherehe ikaona mimi ndiye wa kuandika. Sijui kama walimwomba ushauri. Nikitia chumvi, mwenyewe yupo, atanikosoa hadharani kama alivyozoea.

Bi Ummy alizaliwa Pangani mwaka 1965, binti wa fundi saa. Aliajiriwa Juni 1991 akiwa karani wa masjala, kazi ya kubeba majalada kutoka chumba hiki kwenda kile na kujua kila moja limelala wapi. Wenzake walimaliza siku wakaenda zao. Yeye alipanda basi kwenda kusoma masomo ya jioni, miaka minne, huku ananyonyesha. Mwaka 2001 akawa ofisa kodi. Mwaka 2010 aliletwa Bagamoyo kwa uhamisho ambao ulisemwa ni wa muda mfupi. Alikuja na sanduku moja na jiko la mchina, akasema hana haja ya kununua kitanda kikubwa. Kitanda kikubwa alikinunua mwaka uliofuata, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kazi yake hapa ilikuwa ile kodi ambayo watu wengi huijua siku wanapouza nyumba, tena wakati fedha zimekwisha kupangiwa safari zake. Kwa vitabu inaitwa kodi ya ongezeko la mtaji. Bi Ummy alikuwa akiieleza hivi: ukiuza nyumba au kiwanja ukapata faida, wewe mkazi wa nchi hii utatoa asilimia kumi ya ile faida, si ya bei yote. Lakini nyumba unayoishi mwenyewe sheria inaiacha, ukitimiza mambo matatu. Uwe umeimiliki miaka mitatu mfululizo au zaidi, uwe umeishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida isizidi shilingi milioni kumi na tano. Aliyasema hayo mara nyingi sana, kwa sauti ile ile, kwa mtu aliyevaa suti na kwa mtu aliyevaa kanga, hata mimi nikishikwa na homa nilikuwa nayataja.

Alikuwa akitoka nje ya ofisi kuyasema pia. Kijijini Kerege aliwahi kusimama mbele ya watu mia mbili chini ya turubai la harusi, harusi yenyewe bado haijaanza, akaomba dakika kumi kwa bwana harusi. Aliwaambia watunze risiti za saruji kama wanavyotunza vyeti vya ndoa, maana siku ya kuuza vyote viwili vinaweza kuulizwa. Watu walicheka, lakini mwaka uliofuata tulianza kuletewa risiti zilizofungwa kwa mpira, nyingine zina madoa ya chai, nyingine zimeliwa pembe na panya. Alizipokea zote. Mali bila daftari hupotea bila habari, alisema, na panya akila pembe bado amebakiza tarehe.

Kuhusu zawadi, msimamo wake tuliujua mapema. Mwaka 2014 mkulima mmoja wa Fukayosi aliyeridhika na huduma alimletea jogoo, akamfunga kwenye nguzo ya geti, akaenda zake. Bi Ummy aliandika barua rasmi ya kurudisha zawadi, yenye kumbukumbu namba, nakala akaipeleka masjala. Kwa kuwa mwenye jogoo alikuwa amekwisha kuondoka, jogoo alikaa uani siku mbili akiwika katikati ya vikao, mpaka gari la ofisi lilipopata safari ya huko. Alirudi kwao na barua yake shingoni. Ninavyojua mimi, ndiye jogoo pekee wilayani mwenye jalada.

Hayo yote ni kweli na yanachekesha. Lakini nikiulizwa Bi Ummy ni mtu gani, nitasimulia habari ya Mei 2022, ambayo kosa lake la kwanza nililifanya mimi.

Mzee Mikdad alikuwa fundi cherehani wa kanzu, umri umekwenda, wake wawili. Bi Hajra, bi mkubwa, alikaa Zinga na alikuwa amemzalia watoto wanne. Bi Dija, bi mdogo, alikaa hapa mjini, Magomeni, katika nyumba ambayo mzee aliinunua mwaka 2016 alipomwoa. Bi Dija hakujaliwa mtoto. Mzee aligawa zamu kama dini inavyotaka, siku mbili Zinga, siku mbili Magomeni, na kila zamu ilibadilika baada ya sala ya Alasiri.

Alipoona nguvu zinamwisha, mzee alipata wasiwasi mmoja tu. Akifa, Bi Dija atabaki na kipande cha urithi kisichotosha hata chumba, katika nyumba ambayo vijana wa Zinga walikwisha kuihesabu yao midomoni mwa watu. Kumwandikia ile ile hakutaka, aliona atamwachia nyumba pamoja na kesi. Akaamua kuiuza, na fedha hizo kumnunulia Bi Dija nyumba ndogo Kerege, karibu na dada yake, kwa jina la Bi Dija mwenyewe, kutoka kwa muuzaji asiyehusiana na mtu yeyote. Akatoa arbuni. Masharti ya arbuni kila mtu wa pwani anayajua: asipomaliza bei hadi Ijumaa ya tarehe 20, nyumba ya Kerege inauzwa kwa mwingine na arbuni hairudi.

Bei ya kuuza Magomeni na bei ya kununua Kerege zilikuwa zimekabana. Faida ya mauzo ilikuwa milioni kumi na tatu. Kama nyumba ya Magomeni ni ya kuishi, hakuna kodi, na Kerege inalipika. Kama si ya kuishi, kodi ni milioni moja na laki tatu, na Kerege hailipiki. Kwa serikali fedha hizo si kitu cha kusimamisha mtu barabarani. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Mzee alikuja ofisini akisindikizwa na mwanawe mkubwa wa Zinga, Muzammil, kijana mpole aliyetuamkia wote mpaka mfagizi. Nilimuuliza mzee anaishi wapi. Akamtazama mwanawe, akajibu Zinga. Nikamuuliza, na Magomeni je?

“Pale si nyumbani,” alisema. “Ni kwa Dija.”

Kwa watu wa huku jibu hilo ni adabu tupu. Mwanamume mwenye wake wawili, nyumbani hupataja kwa bi mkubwa, na mbele ya mtoto wa bi mkubwa ndiyo kabisa. Kitambulisho chake, kadi yake ya kura, hata kadi ya hospitali, vyote viliandikwa Zinga kwa heshima hiyo hiyo. Mimi niliyezaliwa mita mia tatu kutoka soko la hapa nilipaswa kulielewa. Badala yake nililiandika neno kwa neno, nikaandaa barua ya kumnyima msamaha, Bi Ummy akaisoma, akaisaini.

Alhamisi yake alikuja Bi Dija. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaomba asomewe sababu, nikamsomea. Kisha akauliza, akimtazama Bi Ummy, si mimi:

“Basi miaka sita yote hiyo mume wangu alikuwa akija kwangu kutembea tu?”

Bi Ummy alivua miwani. Akaniomba jalada, akalisoma upya tangu karatasi ya kwanza, Bi Dija akiwa pale pale. Alipomaliza alimwambia kuwa sheria haikusema mtu alale mahali pamoja kila siku. Imesema aishi humo mfululizo au kwa vipindi, ilimradi jumla ifike miaka mitatu. Sisi hatukuuliza jumla. Tuliuliza anwani.

Nilijaribu kumzuia, naungama. Nilimwambia barua imekwisha kutoka, kwamba mzee ana nafasi ya kupinga kwa utaratibu. Utaratibu ungechukua wiki kadhaa, na arbuni ilikuwa imebakiza siku nane. Meneja wetu wa wakati huo naye hakufurahi. Alimkumbusha kuwa jina lake lilikuwa katika orodha ya kupandishwa cheo mwaka ule, na kwamba ofisa anayefuta uamuzi wake mwenyewe anaonekana hajui kazi. Bi Ummy alimsikiliza mpaka mwisho.

“Sahihi ni yangu, kosa ni langu,” alisema. “Kama siku zimetimia nitaandika zimetimia, na kama hazikutimia nitaandika hivyo pia.”

Sasa siku zenyewe zitajulikana vipi? Mwenyekiti wa kitongoji cha Magomeni alikuwa tayari kuandika kuwa mzee anaonekana pale, lakini kuonekana si kuhesabiwa. Bi Dija mwenyewe ni mwenye kunufaika. Ndipo Bi Ummy alipotoa wazo ambalo mimi nililiona la kichaa: twende Zinga tukamuulize mke mwenza. Nikamwambia huyo ndiye mwenye kupata hasara, watoto wake ndio wanaoitaka nyumba ya Magomeni isiuzwe. Akanijibu kuwa ndiyo maana akisema kitu kitaaminika.

Jumatatu tulikwenda. Bi Ummy alimwamkia Bi Hajra shikamoo, akaitikiwa marahaba, tukakaribishwa mkekani. Bi Ummy hakuzunguka. Alimweleza nyumba inauzwa, kodi iko wapi, na Bi Dija atakosa nini. Mimi nilikuwa nikitazama mlango, nikitegemea tutafukuzwa kwa maneno ya heshima. Bi Hajra aliinuka, akaingia ndani, akakaa mpaka nikaanza kuona haya. Akarudi amebeba kalenda saba za ukutani.

Wengi wetu mwaka ukiisha tunaitoa kalenda na kufungia maandazi. Bi Hajra hutundika mpya juu ya kuukuu, msumari ule ule. Na kila siku ambayo mume alikuwa kwake, tangu Aprili 2016, ilikuwa na mstari wa wino. Siku ambayo mume yuko safari, amezungushia duara. Siku ya Magomeni, ameiacha tupu. Alituambia waziwazi kuwa alianza kwa wivu. Alitaka siku mume akipunja, amtolee ushahidi mbele ya mashehe. Mume hakupunja, na mkono wake ukazoea mistari.

Aliruhusu tuzichukue, tukamwandikia hati ya kuzipokea. Jumanne yote tulihesabu, mimi nikianzia 2016 na Bi Ummy akianzia 2022, tukutane katikati. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipofika mwisho wa Oktoba 2018. Hapo mistari ilijaa. Kila kisanduku, wiki baada ya wiki, mpaka mwezi Machi 2019. Nikakumbuka Bi Hajra alituambia mzee alivunjika mfupa wa paja akiwa Zinga, akalala huko miezi mitano bila kutoka. Nilipiga hesabu kwenye karatasi ya pembeni, miaka iliyobaki nikiikadiria kwa zamu za siku mbili mbili. Kwa kupotea siku hizo, Magomeni ilipungukiwa na siku sitini na sita kufikia miaka mitatu. Niliweka kalamu chini. Kusema kweli niliumia, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kutaka jambo lile litimie.

Bi Ummy hakuweka kalamu. Alinisogezea kalenda ya 2019 na kunionyesha Aprili. Ilikuwa tupu. Mei tupu. Juni, Julai, Agosti, hakuna hata mstari mmoja. Miezi mitano ya visanduku vyeupe.

Tulihesabu mara tatu. Mara ya kwanza mimi nilipata 1,099 na yeye 1,104, nikaambiwa nirudie. Mara ya pili na ya tatu tulipatana: siku 1,104. Miaka mitatu ni siku 1,095. Zilizidi tisa. Siku saba za fungate tulizikuta nazo zimo, na kwa adabu hatukuziandikia maelezo.

Jumatano meneja alitaka maelezo ya ile miezi mitano, na haki yake ilikuwa. Bi Hajra alikuja mwenyewe, ameletwa na Muzammil kwa pikipiki. Kijana alibaki nje kwenye benchi. Meneja alimuuliza bi mkubwa kwa upole kwa nini mume awe Magomeni miezi mitano mfululizo, wakati zamu ni siku mbili mbili. Alijibu kuwa mzee alipopona mguu, ni yeye aliyemwamuru aende akazilipe siku za mwenzake. Mume alisema ugonjwa si kosa, Bi Dija mwenyewe alisema amesamehe. Bi Hajra hakukubali, hakutaka kubaki na siku za mtu. Meneja akamuuliza tena, kama ana uhakika na hesabu yake, maana miaka ni mingi.

“Baba, mimi ndiye niliyekuwa nikibaki peke yangu siku hizo,” alisema Bi Hajra. “Nani atazijua kuliko mimi?”

Meneja aliziba kalamu yake, kisha akamwomba Bi Ummy alete barua mpya. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kusikia ushahidi mzito kuliko ule, wala aliyeutoa kwa gharama kubwa namna ile. Nilipotoka nje nilimkuta Muzammil bado amekaa, kofia mkononi. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa amesikia yote. Alimpakia mama yake taratibu, wakaondoka.

Barua ya msamaha ilisainiwa Alhamisi saa nne asubuhi, na sababu zake Bi Ummy aliziandika kurasa mbili kwa mkono kabla ya kuchapa, pamoja na sentensi inayosema kuwa uamuzi wa kwanza ulikuwa na kosa na kosa hilo lilikuwa la ofisa. Nilimwambia sentensi hiyo si lazima. Aliiacha. Ijumaa, kabla ya sala, bei ya Kerege ilimalizwa na muuzaji akaandika hati kwa jina la Bi Dija. Mwaka ule Bi Ummy hakupandishwa cheo. Sababu hazikusemwa, nami sitazibuni.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachobaki katika chumba chetu. Karatasi ya mahojiano tunayomjazia kila muuzaji wa nyumba aliiandika upya. Mahali palipoandikwa “Unaishi wapi?” sasa pana maswali manne, la kwanza likiwa “Unalala wapi, na siku zipi?” Mabaharia, walinzi wa zamu, wauguzi, na wanaume wa wake wawili wameyajibu maswali hayo, na wengi wamepata haki ambayo anwani ingewanyima. Wengine hawakupata, kwa sababu siku hazikutimia, na waliambiwa hivyo kwa namba, si kwa kubahatisha. Cheo chake alikipata mwaka 2024, kimechelewa, akatununulia bia za tangawizi.

Kwa miaka kumi na mitano nimegombana na mama huyu kuhusu feni, kuhusu dirisha, kuhusu tabia yangu ya kuandika tarehe bila mwaka. Sijashinda hata mara moja. Ni mkali, anakumbuka makosa ya watu kwa mwezi na siku, na chai yake ya tangawizi inawasha koo mpaka kesho yake. Pia ndiye mtu aliyenifundisha kuwa kufuta barua yangu mwenyewe hakunipunguzii urefu. Nitamkosa sana, nalisema bila haya.

Mzee Mikdad alifariki Novemba mwaka jana, Mungu amrehemu. Bi Ummy alikwenda mazikoni, nami nilikwenda naye. Wajane walikaa eda kila mmoja kwake, Bi Hajra Zinga, Bi Dija Kerege. Bi Dija alikaa miezi minne na siku kumi. Tunajua sote eda ya mjane asiye na mtoto inavyokuwa mara nyingine: yeye anahesabu siku zake, na nje kuna wanaohesabu pia, wakingoja iishe ili waulize anahama lini. Kerege hakuna aliyeuliza. Aliyebisha hodi kila Ijumaa alikuwa Muzammil, ameleta mchele na mafuta ya taa, anaviweka kizingitini, anamsalimia mama yake mdogo kwa nje, anaondoka.

Bi Ummy, wenzako wa ofisi hii tunakushukuru kwa miaka yako, kwa ukali wako na kwa kurasa zile mbili. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe usingizi mzuri, na Pangani ikupokee kwa uso mkunjufu. Nenda salama, dada yetu. Kuna mwanamke Kerege ambaye leo atafunga mlango wake kwa ufunguo wake mwenyewe, na hatamwogopa mtu.